Mzee wa Pampu, Mtu Asiyesema Karibu

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Mzee wa Pampu atastaafu rasmi baada ya kuitumikia ofisi yetu ya maji kwa miaka thelathini na minne. Jina la Mzee alipewa wiki ya kwanza kazini, akiwa bado hana ndevu za kusumbua wembe. Sasa umri umelifikia jina, na wenzake tumeona tusimwache aondoke hivihivi.

Kwa waliohamia mjini karibuni: chumba cha pampu ni kile kijumba cha matofali ukingoni, chini ya soko, pale mto unapopinda. Bomba kuu linaanzia ndani ya maji, linapita chini ya sakafu yake, linapanda na barabara ya soko, kisha linagawanyika kwenda majumbani. Kila tone tunalonywa, tunalofulia na tunalogombania limepita kwa mzee huyu.

Kazi alifundishwa na fundi wa zamani, sasa marehemu. Alionyeshwa jinsi ya kuwasha mashine na kuondoa majani kwenye chujio. Mwisho akaonyeshwa spana kubwa iliyotundikwa msumarini karibu na mlango, ambayo haikuwa ya kufungulia nati yoyote. Fundi alimweleza kwamba mchana, maji yakitulia, bomba litagongwa kutoka upande wa mtoni. Litagongwa mara tatu, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi. Hapo naye agonge mara moja kwa spana, anyamaze. Kijana akauliza ni nani anayegonga. "Kumjua si kazi yako," fundi akasema. "Kazi yako ni yeye ajue kuna mtu. Na lolote liwalo, mwanangu, usimkaribishe."

Basi bomba likigonga, anagonga. Kwa kuogopa neno "karibu" lisije likamponyoka kazini, aliliacha kabisa, hata nyumbani. Mliowahi kumtembelea mnajua: unapiga hodi, unasikia nyayo, mlango unafunguliwa, na mwenye nyumba anakutazama kama afisa wa ushuru. "Karibu" husemwa na mkewe kutoka jikoni, kwa sauti ya kufidia. Mama mkwe wake, siku ya kwanza kuja, alisimama kizingitini na kikapu chake mpaka akauliza kama binti yake ameolewa au amefungwa. Muuza nyama humwita Bwana Jikaribishe. Yeye hucheka puani, akachukua nyama yake, akaenda.

Mhandisi kutoka makao makuu aliwahi kuja kutupa maelezo. Alisema ni hewa. Zikawekwa valvu za kutolea hewa, na kwa kweli ilitoka nyingi, mabomba ya mji mzima yakaacha kukoroma, na hilo tunamshukuru. Mchana wake bomba likagonga mara tatu. Mhandisi akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema kwa upole kwamba hewa anayoijua yeye haina tabia ya kusubiri jibu. Akapanda gari. Ripoti yake inasema mfumo uko salama.

Likizo ya maana Mzee alichukua mara moja tu, bintiye wa mlimani alipojifungua. Wafanyakazi walikuwa wachache, Meneja akamshikisha pampu dada wa mapokezi. Tumpe haki yake: kwa ukarimu hakuna aliyemfikia. Dawatini kwake alimkaribisha mwenye bili, mwenye malalamiko na aliyefuata kivuli tu. Alipewa maelekezo ya spana, akayarudia bila kukosea. Siku ya pili, akiwa ameinamia chujio, bomba likagongwa nyuma yake. Kinywa kikatangulia mkono. "Karibu!" akaitikia, tena kwa ile sauti yake ya dawatini. "Karibu, pita ndani."

Anasema hakikugonga kitu tena. Alichohisi ni ubaridi ukipita chini ya sakafu, chini ya nyayo zake, taratibu, kuelekea mjini.

Wa kwanza kugongewa alikuwa msusi, mteja akiwa na povu kichwani: sinki liligonga mara tatu. Kisha ikawa jikoni kwa muuza nyama. Kisha nyumba iliyofuata, na iliyofuata, kupanda barabara, kama mtu aliyeelekezwa nyumba akasahau ni ipi. Maji yakaanza kutoka na harufu ya tope la chini. Habari za lile neno zilishasambaa, watu wazima wakawa wanaishi majumbani mwao wamebana midomo. Mpishi wa shule alijaza mkate kinywani kila aliposikia bomba limeanza, na kanzu zake zote zikambana. Lakini mjane wa nyumba ya mwisho juu alikuwa hajagongewa na mtu siku nyingi. Aliitikia kabla hajafikiri. Aliporudi sebuleni alikuta sakafu imelowa kutoka kwenye sinki mpaka kwenye kiti cha mgeni. Na kiti chenyewe kilikuwa kimelowa, pale pa kukalia.

Mzee akaitwa. Alifika na doa la maziwa ya mjukuu begani, hakuuliza nani kafanya nini. Alisema aliyeitwa hawezi kufukuzwa, atasindikizwa. Alianza kwenye sinki la mjane, akashuka na barabara mchana kweupe, akiligonga bomba kwa spana kila lilipojitokeza juu ya udongo. Na bomba likawa linajibu nyuma yake, karibu kabisa na visigino. Tulimfuata mpaka sokoni, pale kila mmoja akakumbuka ana shughuli. Dada wa mapokezi peke yake ndiye aliyefika naye ukingoni. Anasema Mzee aligonga mara moja, na maji yakafanya duara moja pana, kama kitu kimeingia. Kilichoingia hakukiona.

Tangu siku hiyo Mzee hajaenda likizo. Yule mjukuu sasa anasoma shule, na babu anayemjua ni yule anayefika asubuhi ya Jumapili na kuaga kabla ya chakula cha mchana. Mkewe alikwisha funga mizigo ya kuhamia mlimani kwa binti yao. Alimwambia Meneja waziwazi kwamba yeye aliolewa na mume, hakuolewa na bomba. Mzee naye aliapa kwamba funguo hazitoki mpaka apatikane wa kuzipokea. Nafasi ilitangazwa. Waombaji walikuja, wakasikia hodi, wakaondoka na vyeti vyao.

Kisha dada wa mapokezi akaiomba mwenyewe. Mzee akamkatalia. Akaiomba tena, na kuthibitisha nia akaacha kusema karibu dawatini, hadi wateja wakamshtaki kwa kiburi na Meneja akampa onyo. Hapo Mzee akalainika.

Jumatano iliyopita tulikwenda kuangalia kama chumba cha pampu kitatosha kwa sherehe. Bomba likagonga. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, mikono kaikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Dada akachukua spana, akagonga mara moja. Halafu, jambo ambalo halijawahi kutokea, likagonga tena mara tatu, kwa upole, pale pale chini ya kigoda cha Mzee. Sote tukamtazama. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, midomo kaiuma. Dada akapiga magoti kando yake, akagonga tena mara moja, kwa nguvu zake zote, akakaa na spana mkononi akisubiri. Bomba halikurudia. Mzee akampa funguo hapo hapo, Meneja akilalamika kwamba tarehe bado.

Basi, Mzee wetu, asante kwa maji, na asante kwa yote uliyotuzuilia mlangoni bila kutueleza. Zawadi yetu ameichagua mkeo: zulia dogo la kufutia miguu, limefumwa neno KARIBU, la kutandika mlangoni huko mlimani, ambako bomba halifiki. Ishi vizuri na wajukuu wako. Wakipiga hodi, usimwachie tena mama aliye jikoni, sema mwenyewe. Chungulia tu kwanza chini ya mlango. Kama miguu ya mgeni imekauka, mkaribishe.