Kaburi la Duara

Ba Papa na ba Mama, kaka na dada, ninawasalimia wote, kila muntu kwa namna wanavyosalimiana kwao. Wa misa ninawasalimia, wa hekalu ninawasalimia, na ninyi wazee mulioshuka kutoka Walikale na mbwa wenu, ninawasalimia pia. Mukalishe mbwa vizuri, wasikule maharagi ya mwenye nyumba.

Musimamizi wa chama chetu cha kuzikana amenipa nafasi niseme kabla hamujakata neno. Sisi wote tunajua neno lenyewe. Kuna ndugu mumoja amekaa pale inje, kwa kivuli cha jiko. Mama yake amelala nyumbani Muheto, amekufa asubuhi, na hana muntu wa kumusaidia kuchimba. Ndugu huyu alikuwa kwa ile dini serikali ilikataza. Walimupeleka mbali miaka mingi, sasa amerudi. Wengine wenu munasema tukimuzikia mama yake serikali itatuangalia vibaya. Sitabishana nanyi. Nitawaambia tu mambo yaliyonipata mimi, na majina ya watu sitataja, kwa sababu wengine wako hapa hapa na wanaanza kuona haya.

Munanijua kama mwalimu. Wengine munaniita profesa kwa kunicheka, nasikia. Mimi nilizaliwa musituni, Walikale, baba yangu muwindaji wa nyavu. Mission ilinichukua nikiwa kijana, nikasoma, nikaingia seminari ndogo. Kule kulikuwa mupadri mumoja muzee, mwenye ndevu mupaka kifuani, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. Aliuliza watu wa kila mahali wanasali namna gani, wanamwita Mungu nani, wanamwambia nini mufu wakati wa kumuzika. Aliweka maneno ya huyu kando ya maneno ya yule, akayaangalia, akafurahi. Akanifundisha kazi ile. Aliniambia: «Usianze kwa kusema nani amekosea. Anza kwa kusikiliza mupaka ujue muntu anaomba nini.» Ndugu zangu, nawaambia, nilipenda kazi ile kuliko chakula. Hata nilipotoka seminari nikaoa na kuwa mwalimu wa mission hapa Nyabiondo, kila likizo nilishuka musituni, nikakaa na wazee kwa kambi zao za kuwinda, nikauliza.

Halafu ikaja ile fujo ya wakati wa vita ya Wazungu. Munakumbuka. Watu wa ile dini waliinuka kule musituni, damu ikamwangika, waaskari wakapita kijiji kwa kijiji. Fujo ilipokwisha, kila muntu aliyekaa na wazee kuzungumza mambo ya kusali akaonekana mubaya. Na nani alikuwa amekaa na wazee kila likizo? Muntu mumoja akaenda kunisema. Niliitwa. Muzungu wa serikali akaniuliza: «Weye mwalimu wa mission, unaenda kutafuta nini kule?» Nikajibu: «Bwana, ninauliza tu vile wanasali.» Karani akacheka. Na mimi sasa nikiwaza naona jibu langu lilikuwa la mujinga kweli, lakini ndilo lilikuwa la kweli. Nilikula fimbo mbele ya wanafunzi wangu. Mupadri wangu muzee alikuwa amekwisha kurudi Ulaya mugonjwa, akafia huko, hakuna wa kunitetea. Mission ikaniondoa darasani na kwa komunyo. Nikapewa kazi ya barabara, kapita aliyetusimamia akinihesabu pamoja na majembe yake.

Protestanti wa hekalu wakasema, huyu si wetu, ni Mukatoliki. Wazee wa kwetu wakasema, huyu alituuliza siri zetu, tazama sasa waaskari wamefika kambini. Mulango wa huku umefungwa, wa kule umefungwa. Nikajifunza kunywa pombe ya ndizi. Kasiksi ilinijua jina. Mama wa watoto wangu, yule pale mwenye kitambaa cha manjano, alilima peke yake, alipalilia peke yake, alikwenda misa peke yake. Mimi nilikuwa nimeapa sitauliza muntu tena neno la dini hata nikifa. Muntu akisali mbele yangu niliondoka. Nilikuwa na chuki, ndugu zangu, na chuki ile ilinikausha.

Wakati wa kupanda maharagi, binti yetu mudogo akashikwa na kifua. Alikuwa ameanza kusema maneno, aliita kuku wote jina moja. Tulimupeleka kwa muganga wa dispanseri, tukamupa na majani ya kwetu. Hakupona. Alikufa kwa mugongo wa mama yake, njiani, tukirudi. Sijui kuwaambia zaidi. Nilikuwa baba yake na sikuweza kufanya kitu.

Asubuhi nikaenda mission kuomba mahali makaburini. Nikaambiwa muntu aliyefungiwa komunyo kwanza atengeneze mambo yake. Nikaenda kwa wa hekalu. Walinihurumia, walinipa na kiti, lakini makaburi yao ni ya watu wao. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamuambia mama yake, tutamuweka nyuma ya nyumba, kwa migomba. Nikakaa chini. Hata jembe sikulishika.

Sasa musikilize. Wa kwanza kufika alikuwa katekista, jirani wa juu. Nikamuuliza kwa hasira amefuata nini, yeye na mission yake. Akaniambia: «Walinikataza kuzika. Kuchimba hawakunikataza.» Akavua koti. Nyuma yake akatokea mwevanjelisti wa hekalu, ambaye shamba lake linapakana na letu, amebeba jembe begani. Wale wawili hawakuwa wanasalimiana. Munajua wakati ule, mutoto wa Mukatoliki akicheza na wa Protestanti alipigwa nyumbani mara mbili. Lakini walianza kuchimba. Na wa tatu alikuwa baba yangu mudogo, ambaye alipanda kutoka Walikale kutafuta chumvi, akakuta kilio. Yeye ni mukubwa wa mambo ya kimila kwetu, na ni yeye aliyenikasirikia kuliko wote. Hakunisalimia. Akashika jembe.

Wakachimba kidogo, wakaanza kushindana. Juu ya nini? Juu ya kichwa kitalala wapi.

Katekista akasema: «Miguu ielekee mission. Siku ya ufufuko mutoto akiamka, aone musalaba.»

Baba mudogo akasema: «Aangalie musitu. Babu zake bako kule. Akiangalia kwingine, nani atamupokea?»

Mwevanjelisti akasema: «Miye namna yote ni sawa. Mungu iko kila mahali. Lakini kule kwa mission, hapana!»

Munacheka. Na mimi leo ninacheka. Siku ile watu wazima watatu walisimama juu ya kashimo kadogo, kila mumoja anakokota jembe upande wake, na mutoto amelala ndani ya kitenge karibu nao. Mimi niliwajua wote watatu. Nilijua kwa nini kila mumoja alisema vile alivyosema, maana njo kazi niliyofundishwa. Neno moja tu kutoka kwangu lingewatuliza. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, waache wapigane, wote ni wale wale.

Ni mama yake aliyekuja. Alitoka ndani, macho yake yamevimba, akaangalia lile shimo, akasema pole pole:

«Mutoto yangu hakulalaka amenyooka. Alikuwa anajikunja. Muchimbe shimo ya duara, mumulalishe vile alikuwa analala kwa mugongo yangu. Akiamka ataangalia kwenye atataka.»

Katekista alikuwa wa kwanza kuinama, akaanza kukata pembe za lile shimo. Wengine wakamufuata. Mukisikia watu wanasema kaburi la duara la Nyabiondo, njo hilo. Hakuna upande wa kichwa, hakuna upande wa miguu. Tulimuweka amejikunja, mukono chini ya shavu.

Ikafika kusali. Baba mudogo akaanza, kwa luga yetu ya musituni, akiweka majani pembeni. Mwevanjelisti akanisogelea, akaninong'oneza: «Muzee anasema nini?» Nilikuwa nimeapa, munakumbuka. Lakini ni mutoto wangu aliyekuwa anaombewa, na mimi nilitaka wale watu wajue anaombewa nini. Nikafungua kinywa. Nikasema, anawaambia babu wamutokee njiani, maana yeye ni mudogo na njia haijui. Mwevanjelisti akafuta macho, akasema: «Na miye njo nilitaka kuomba ile.» Kisha yeye akaimba, na mimi nikageukia baba mudogo, nikamueleza wimbo. Katekista akasema Baba Yetu, nikaeleza tena. Nilitafsiri huku ninalia, makamasi yananitoka kama mutoto, na sikuacha. Baba mudogo aliposikia lile neno la kutusamehe vile tunavyosamehe, akaniangalia mara ya kwanza tangu waaskari waingie kambini. Akaniuliza: «Ile neno iko ndani ya maombi yao kweli?» Nikasema ndiyo, wanaisema kila siku. Akanishika bega.

Pale njo nilirudi. Kasiksi haikuniacha siku ile, nisiwadanganye, niliiacha kidogo kidogo na kwa kugombezwa sana. Lakini wale watatu walirudi siku ya Mungu iliyofuata, kila mumoja akitoka kwa ibada yake, wakakaa kwangu, wakaulizana. Walibishana mupaka vyungu vikaungua. Mimi katikati, nikieleza huyu kwa yule. Kutoka pale kikazaliwa chama hiki. Na sheria yake munaijua, aliitunga mama wa watoto wangu: kwa kaburi, kila upande unasali kwa namna yake, na hakuna anayeondoka mupaka wa mwisho amalize.

Miaka ikapita, akaja mupadri mwingine, kijana, akasikia habari zetu, akanifungulia komunyo, akanirudisha darasani. Leo ninafundisha wale watakaokuwa walimu, ninawafundisha watu wa vijiji vyao wanasali namna gani, ili wasifike kule na kutukana. Na kule Léopoldville, kwenye masomo makubwa, wameniita nikasaidie wanaolinganisha dini za watu. Nitakwenda mvua ikipungua. Muntu wa fimbo na barabara! Ninafurahi sana, siwezi kuficha.

Kwa hiyo ninashukuru. Ninamushukuru katekista yule, alikaripiwa kwa ajili yangu na hakuniambia mupaka leo. Ninamushukuru mwevanjelisti. Ninamushukuru baba yangu mudogo, ambaye sasa ni marehemu, na tulimuzika sisi wote, namna zetu zote, ikachukua siku muzima. Mama wa watoto wangu, wewe, sina neno la kukutosha.

Mafundisho ninayoacha ni haya tu. Nimesoma dini nyingi, nitasoma nyingine. Sijaona hata moja inayosema mufu aachwe bila watu. Zinashindana juu ya mengi, juu ya hilo hazishindani. Na hofu yenu ninaijua, iko kwa mugongo wangu, ningeweza kuvua shati muione. Mimi pia nilihesabiwa kuwa wa ile dini, na sikuwa hata wa dini ile. Yule ndugu pale inje alikuwa wa dini ile kweli. Sawa. Sikubaliani naye kwa mengi, na nimetamani kumuuliza mengi, lakini si leo.

Leo mama yake amelala ndani ya nyumba, na jua linapanda. Mutakata neno lenu, ni haki yenu. Mimi nimekwisha kukata langu, ninachukua jembe ninakwenda Muheto. Anayekuja, twende. Na ndugu yule akianza kusali kwa namna yake, tutasimama pale kando ya kaburi, tutangoja amalize.