Kufuli Dogo Kando ya Saa

Fundi wetu wa kompyuta ameitumikia ofisi hii ya maji miaka thelathini na moja na miezi minne, na Ijumaa tarehe 28 atakabidhi funguo aende nyumbani. Wengi hata jina lake la kwenye kitambulisho hawalijui. Wanamwita Mzee Nionyeshe, maana ukimwambia mashine imeharibika, hagusi kitu. Huvuta kiti, akaketi, akakuomba umwonyeshe ulivyofanya.

Alianza enzi za taipureta, akihangaika na herufi zilizogoma. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliikimbia. Yeye aliifungua siku hiyohiyo aone kuna nini tumboni. Printa ya ghorofani ilipochafua karatasi, watu walitaka itupwe. Akaichungulia kwa tochi asubuhi nzima, akamtoa mjusi akiwa hai, akamsindikiza dirishani kama mgeni wa heshima. Udadisi wake unachosha. Mimi aliwahi kuniuliza kwa nini nadeki nikirudi nyuma. Nikamwambia ajaribu kwenda mbele aone.

Lakini nimeomba nafasi hii kwenye salamu za kumuaga, mimi mhudumu wa usafi nisiyewahi kukaa darasani, kwa sababu ya ile programu ya VPN, njia ya faragha inayoiunganisha kompyuta ya masjala na majalada ya makao makuu. Mimi nasema, mwenzangu anachapa.

Mwaka juzi programu hiyo ilikataa kufungika. Binti wa masjala alikuwa akibonyeza alama ya kufungia, dirisha linapotea, anaenda zake. Kumbe imejificha tu. Kufuli dogo la kijani, ishara kwamba bado imeunganishwa, limebaki kando ya saa kwenye kioo cha kompyuta. Asubuhi nyingine haifunguki wala haifungiki, mtandao umekwama, wateja wamejaa benchi. Meneja akaona ni uzembe. Akampa barua ya onyo, kisha ya pili. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza, naye ana watoto wawili na mama mgonjwa.

Mzee Nionyeshe aliiondoa programu, akaiweka upya. Ikagoma vilevile. Ndipo akachukua kalenda, akatia alama kila asubuhi ya mkasa. Zote zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Binti alifunga kwa namna ileile kila siku. Kwa nini siku hizo tu? Alhamisi jioni, watu walipotoka, akavuta kiti masjala akasubiri.

Nikaingia na ndoo yangu. Masjala hudekiwa Jumatatu na Alhamisi. Kama kawaida, nikachomoa plagi ukutani, maji yasije yakakutana na umeme.

"Bibi," akasema taratibu, "umeikatiza. Ilikuwa bado inaongea na makao makuu."

Nilimjibu kwamba kama ni kufukuzwa, waniambie kabla sijamaliza kudeki, nisitoke jasho la bure. Hakunigombeza. Alirudisha plagi, akawasha, akaniomba nimwonyeshe tena. Mara tatu nilichomoa, mara tatu ikagoma, na macho yanamng'aa kama mtoto aliyepata mpira.

Kesho yake aliandika ripoti kwamba kosa ni lake yeye fundi, hakuitega programu ijifunge yenyewe saa za kazi zikiisha. Barua za binti zikafutwa. Mzee akapewa ya kwake ya onyo, ya pekee katika miaka yote hiyo. Kisha akaitega programu, akanichorea kufuli la kijani kwenye kadi, akaibandika juu ya soketi: ukiliona kwenye kioo, usiguse plagi. Haijagoma tena. Nami nikanyamaza, maana kazi hii ndiyo inayonilisha, na niliogopa.

Anayechapa maneno haya ndiye binti mwenyewe. Sasa hivi ameacha kuchapa, ananitazama. Chapa, mwanangu. Tukimaliza nitakuomba radhi vizuri.

Meneja, barua ile iliyo kwenye jalada la mzee ni yangu. Itoe kabla hajafika getini, uiweke kwenye jalada langu. Lina nafasi.

Nawe Mzee Nionyeshe, asante kwa kuuliza pale ambapo wengine walikuwa wameshajijibu. Nenda ukavute kiti kwako, uwasumbue wajukuu kwa maswali. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu, na vitu vingi vilivyoharibika kidogo.