Abdulsamad Shaame, Aliyejibu Kila Barua kwa Zamu Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Edmonton, London, leo, Jumatatu tarehe 23 Januari 2012. Sisi Wapemba hatuna desturi ya kusoma wasifu wa maiti. Tunazika, tunasoma Yasini, tunakula, tunakwenda zetu. Lakini marehemu aliyaona haya kwenye mazishi ya wenzake wa kazini, akayapenda, akaacha agizo la maandishi, nakala tatu, kwamba na yeye asomewe. Ameagiza pia msomaji awe mdogo wake Zainab, ambaye hamalizi sentensi mbili bila kugomba. Basi mtanivumilia.

Marehemu Bwana Abdulsamad Shaame Faki alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Februari 1942, mtoto wa pili wa Mzee Shaame Faki, fundi cherehani, na Bi Mwanakhamis binti Juma. Kabla yake alizaliwa Vuai, mwaka 1939, na baada yake mimi, mwaka 1949. Vuai na Abdulsamad walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipofika miaka kumi na sita. Mama alikuwa akisema ukimchapa mmoja analia mwingine, kwa hiyo alikuwa akiwachapa wote wawili kuokoa wakati.

Alisoma shule ya serikali Wete, kisha sekondari mjini Unguja, akamaliza mwaka 1960. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililotuponza sote. Mwaka 1961 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika idara moja ya serikali. Kwa vijana wasiojua, masjala ndiko kila barua inayoingia ofisini hupewa namba, huandikwa kitabuni, kisha hujibiwa kwa zamu yake, awe aliyeandika ni waziri au muuza ndizi. Marehemu aliipenda kazi ile kama wenzake walivyopenda mpira.

Machi 1964, wiki chache baada ya mapinduzi, aliachishwa kazi. Yaliwapata wengi hayo. Kilichomkata maini ni kwamba Jumatatu iliyofuata kiti chake alipewa Vuai. Vuai alisema ana watoto wawili wa kulisha, na kiti hakingekaa kitupu. Abdulsamad akamjibu, "Na akae mtu yeyote, lakini si weye." Ndiyo maneno ya mwisho waliyoambizana. Mwezi wa Julai marehemu alivuka kwenda Mombasa, na Oktoba 1965 akafika London.

Hapa alifua mashuka ya hospitali kwa miaka miwili; mimi nilimfuata baadaye, nikakaa kwake. Mwaka 1967 akapata kazi katika maktaba ya chuo kimoja katikati ya jiji, akasukuma toroli la vitabu miaka arobaini, mpaka alipostaafu mwaka 2007. Ndiko alikokutana na balaa letu, nalo ni majalada ya barua za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Alifungua moja wakati wa chai, akasoma kwamba mtu huyu aliweka daftari la kila barua aliyoandika na kila aliyopokea, kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka kufa. Alirudi nyumbani uso unang'aa. "Alikuwa mtu wa masjala," alituambia, kama aliyegundua jamaa wa upande wa baba.

Tangu siku hiyo tuliishi na watu wawili. Rais alipima joto na baridi kila siku, na marehemu akatundika kipimajoto nje ya dirisha la jiko na kuandika baridi ya Edmonton asubuhi na alasiri, kana kwamba kuna aliyeuliza. Rais alitia miguu kwenye maji baridi kila alfajiri, na marehemu akatia yake, Januari, na maji ya karai nikiyachota mimi. Siku moja nikamwambia, "Kaka, huyo bwana wako alikuwa na watumwa mia sita. Weye una mimi." Kesho yake alichota mwenyewe, na hakuniagiza tena. Alisema kuzisoma barua za mtu si kumsifu, na kwamba mtu aliyeandika vile juu ya uhuru na huku anamiliki watu aliacha swali moja ambalo hakulijibu mpaka anakufa.

Kisha ikaja habari ya nakala. Rais alikuwa na mashine ya kalamu mbili, akiandika na hii, ya pili inafuata. Marehemu alijaribu kuunda yake kwa fimbo za pazia za mkewe. Bwana Hemant, mzaliwa wa Unguja mwenye duka la karatasi Southall, alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili. "Bwana Samad," alisema, "n'takuletea karatasi za kaboni. Mrudishie mwenzio pazia lake." Alimletea zaidi ya miaka thelathini, mpaka ikawa anaziagiza kwa ajili ya mteja mmoja tu. Bwana Hemant yupo hapa leo, na tunamshukuru, ingawa pazia halikurudi sawasawa.

Tarehe 6 Agosti 1972 marehemu alimwoa Bi Suad Salim. Barua za posa alizipa namba. Mwaka 1975 walijaliwa binti, Ummukulthum. Bi Suad ameniomba niseme kwamba hakuwahi kumjutia, nami nimelisema kama lilivyo.

Wengi wenu humu mnaishi nchi hii kwa kalamu yake. Mlikuja na makaratasi ya ofisi ile ya uhamiaji ya Croydon, akawaandikia nyote, bila malipo, na nyote mlingoja. Aliyekuja na machozi alingoja, na aliyekuja na sambusa alingoja. Hakumpitisha mtu mbele ya mwenzake. Sababu yake mnaijua kama ninavyoijua: ni sheria ya masjala.

Sasa nisikilizeni. Kila Idi, sahani zikishaondolewa, marehemu alitusimulia namna Jefferson alivyogombana na rafiki yake John Adams, rais wa pili, kwa sababu ya utawala. Miaka kama kumi na moja hawakuandikiana. Halafu siku ya mwaka mpya wa 1812 Adams akaanza, na wakaandikiana mpaka wakafa, siku moja, wote wawili. Hapo marehemu alikuwa akilia. Mimi nikimuuliza, "Na Vuai je?" anapangusa macho na kujibu, "Adams ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye aliyeanza. Vuai ni mkubwa." Nikimpigia Vuai huko Wete, anasema, "Yeye ndiye aliyeondoka. Aliyeondoka ndiye apige hodi." Mama yetu alifariki mwaka 1988, na marehemu aliandika rambirambi kwa mtaa mzima isipokuwa kwa Vuai. Ummukulthum alikuwa akimwambia, "Baba, just ring him," akajibiwa kwamba simu haina nakala. Miaka arobaini na saba nimekuwa katikati ya watu hawa, na nimechoka.

Ramadhani iliyopita nilimwandikia Vuai kwamba nina miaka sitini na mbili, nina sukari, na nikifa kabla yao sitawasamehe. Akaandika. Barua ilifika Jumatatu tarehe 14 Novemba. Marehemu aliutambua mwandiko kabla ya kuigusa. Aliisoma mara mbili amesimama, akavua miwani, akalia. Kisha, ndugu zanguni, akaipa namba na kuiweka chini ya barua thelathini zilizotangulia.

Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya sheikh. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Zainab," alisema, "nikimtanguliza ndugu yangu, watu nilowangojesha miaka yote hii n'tawaambia nini?" Desturi yake ilikuwa barua mbili kwa wiki. Akapanda mpaka tatu, na kwake yeye hiyo ilikuwa mbio. Nilimwona akiandika bila kanzu kupigwa pasi, chai inapoa, miguu haijaingia majini. Alikuwa akimkimbilia kaka yake kwa njia pekee aliyoijua, nami nilitamani kumpiga na toroli.

Tarehe 11 Januari alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa na maneno yakawa mazito. Alhamisi tarehe 19, mimi na Ummukulthum tukiwa kitandani kwake hospitalini, aliuliza, "Zimebaki ngapi?"

"Moja tu," nilisema. "Ya Vuai. Nyengine zote umeshazijibu."

Zilikuwa zimebaki sita juu yake, na moja ilikuwa ya halmashauri kuhusu mapipa ya taka. Nilimdanganya mgonjwa, na sijuti. Wenye hizo sita, majibu yenu mtayadai kwangu.

Alinitazama sana, kisha akasema, "Shika kalamu." Mistari minne ilituchukua alasiri nzima. Kila neno alilitoa, akalirudisha, akalitoa tena. Hamna Marekani ndani yake, wala rais. Nilipomaliza akauliza, "Nakala?" Nikamwambia nitafanya. Sikufanya. Ijumaa mchana niliipeleka posta mwenyewe, na Jumamosi tarehe 21 Januari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ndugu yetu akafariki, umri miaka sitini na tisa.

Nilimpigia Vuai. Nilimpa habari. Nikamwambia barua iko njiani, na kama anataka nimwambie yaliyomo, nayakumbuka yote. Mtu wa miaka sabini na mbili alikuwa analia kama mtoto. "Usinambie," alisema. "Itakuja. N'taingoja." Nilitaka kumgombeza, sikuweza.

Marehemu ameacha mjane, Bi Suad. Binti, Ummukulthum, na wajukuu wawili. Dada, mimi Zainab. Na kaka yake mkubwa, Vuai Shaame wa Wete, ambaye tangu juzi amekaa barazani kwake anamngoja mtu wa posta.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdulsamad, ampe pumziko jema, na barua ifike.