Mlango wa Mama Mshonaji

Benchi letu la kona lina sheria moja: kazi ikiisha, kila mmoja anaambiwa alipokosea, na anayeambiwa hajibu mpaka amalize kikombe chake cha kahawa. Sheria niliitunga mimi mwashi, ninayeitwa Kibiriti, kwa sababu najijua. Leo tulikuwa tumekabidhi chumba cha mama mshonaji. Kina dosari moja tu: ukifungua mlango, unagonga dirisha, ukifungua dirisha, mlango haufunguki. Na keshokutwa dada yake anataka chumba kingine, tuende wote watatu, la sivyo anatafuta mafundi wengine.

Nikaanza na seremala.

— Msumari, mbao zako zimekaa vizuri, sina neno. Lakini mlango kufungukia nje, nani alikutuma?

Msumari akaibugia kahawa ya moto, machozi yakamlengalenga, akapindua kikombe tuone kimekwisha.

— Umeungua, ndugu yangu, akasema Brashi, fundi rangi.

— Bora niungue! Kaka Kibiriti, dirisha umeliweka shibiri moja kutoka mlangoni. Nifungulie wapi, angani?

Kikombe changu bado kilikuwa kimejaa. Nikauma meno.

— Kosa si lenu, akasema Brashi. Ni jua. Ukuta ukipata joto unatanuka, dirisha likasogea.

— Likasogea! akadakia Msumari. Limevaa viatu?

— Basi ni hasira za Kibiriti. Ukuta ukipigiwa kelele unajikunyata.

— Brashi, wewe ulivipaka rangi vyote viwili vikiwa vimefungwa. Ulijua!

— Kazi yangu rangi, akajibu Brashi, akionyesha kikombe kitupu. Mambo ya kufungua hayanihusu.

— Basi keshokutwa siendi, Msumari akasema, akasimama. Tafuteni seremala asiye na masikio.

Nikaimaliza kahawa yangu. Seremala kama yule sitampata tena, na yeye hajui kwamba najua.

Mara mama mshonaji huyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Wanangu, kelele za nini? Sijaja kugomba. Nauliza tu, nani aliliona kosa kwanza?

— Mimi, mama, akasema Msumari. Kabla sijafunga bawaba.

— Mimi hata kabla yake, nikasema. Nilipopandisha tofali la tatu la dirisha.

— Mimi niliona siku nimekuja kupima ukuta, akasema Brashi.

— Kumbe wote. Sasa mbona hamkuambiana siku ile ile?

Brashi akafumbua mdomo, nikajua analeta jua lake, akaufumba. Mama akatikisa kichwa, akaenda zake akicheka.

Msumari alikuwa bado amesimama.

— Keshokutwa ukiniona nakosea, nikamwambia, sema hapo hapo. Nitakufokea, najijua. Wewe sema tu.

— Nitasema nikiwa juu ya ngazi, akajibu, akakaa.