Watoto Wetu Hatuwafichi Tena

Risala ya Kikundi cha Keti Wima, Kibera na Kawangware, kwa mgeni rasmi, Bwana Kyalo, afisa wa miradi wa mfuko wa wafadhili. Gatina, Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1994.

Mgeni rasmi, Bwana Kyalo. Mwenyekiti wetu, Mama Akoth. Wazazi, mafundi na majirani. Nanyi watoto, ambao leo mmekaa mbele ya watu wote:

Sisi wanachama wa Keti Wima tuna furaha ambayo hatuwezi kuificha. Kama ulisikia vigelegele tangu kule kwenye kituo cha matatu cha Kawangware 46, hukukosea, vilikuwa vyako. Watoto wamekuandalia ubeti, nao tunauweka hapa mwanzo kwa sababu wamekataa kungoja:

Karibu nyumbani kwetu, mgeni wetu, uketi,
Hiki ni kituo chetu, hatuombi kwa magoti,
Hawa ni watoto wetu, waliokalia viti,
Twasoma kwa jina letu, sikia hadi tamati.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka wa 1990, akina mama watano wa Makina, Kibera, na saba wa hapa Gatina, Kawangware. Sote tuna watoto ambao miili yao ilikataa kukaa na kusimama. Mmoja wetu ni Nasike, mama Trizah. Siku hizo alikuwa akienda kufua nguo katika nyumba za watu, akimwacha Trizah kwenye godoro, redio imewashwa, kufuli nje. Alifua hivyo miezi mingi. "Nafua shati la mtu," alituambia siku moja, "lakini masikio yangu yamebaki nyumbani, yanasikiliza redio."

Ndipo Jeconia, seremala wetu, alipounda kiti cha kwanza. Alipasua maboksi, akayabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, akayaanika juani mpaka yakawa magumu kama mbao. Trizah akakalishwa. Akautazama mlango akiwa wima kwa mara ya kwanza maishani mwake, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Wiki hiyo hiyo tukakodi chumba hiki, na kufuli ya Nasike ikakosa kazi.

MISAADA ILIPOKAUKA

Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa likitulipia chumba na mlezi wa watoto. Mwaka wa 1992 likatuandikia kwamba kwao pia viwanda vinafungwa. Mwaka uliofuata shilingi ikaanguka, na unga ukapanda mpaka mafundi na akina mama wakakosana papa hapa.

"Jeconia, unga huu ni wa gundi au wa ugali?" Mama Akoth aliuliza.

"Mama, kiti hakishikani kwa maji matupu."

"Na tumbo je, litashikana kwa maboksi?"

Tulicheka sana, kisha tukaugawa: nusu sufuria, nusu kiti.

Tukaanza kutafuta wafadhili. Bwana Kyalo, hatukujua kwamba hiyo nayo ni kazi ya kutwa. Nasike, aliyesoma hadi darasa la saba, akawa katibu. Alikuwa akisimama posta na kitabu cha simu, akinakili anwani za mashirika ukurasa kwa ukurasa, huku watu wa foleni wakimwuliza kama anaandika upya kitabu kizima. Tulituma barua ishirini na tatu. Kumi na tano hazikujibiwa. Saba zilijibiwa kwa heshima: uchumi ni mgumu, jaribuni mwakani. Moja ilisema, "Tutakuja kuwaona." Hiyo ilikuwa yako.

SIKU TULIYOKOSEA

Ulipokuja mwezi wa Machi, mgeni rasmi, tulikupokea jinsi tulivyolelewa kumpokea mgeni. Tuliazima seti ya sofa kwa mwenye nyumba, zulia kwa mchungaji, chupa kubwa ya chai kwa majirani wa Makina. Tukachinja kuku watatu. Chumba ni kidogo. Sofa ilipoingia, watoto hawakuenea. Tukawagawa kwa majirani, na viti vya maboksi tukavirundika nyuma ya choo.

Ulipouliza, "Watoto wako wapi?" tulikujibu kwa fahari, "Usijali, mzee, hawatakusumbua."

Ulipoondoka tulicheza ngoma. Barua yako ilifika wiki ya tatu: "Wanachama wanajiweza. Watoto hawakuonekana. Ombi halikukubaliwa." Nasike aliisoma mara mbili, akaketi sakafuni. Hakulia. Alikuwa na hasira, nayo hasira haikuwa na wa kumwendea, kwa sababu wazo la sofa lilikuwa lake.

NASIKE ALIVYOKUFUATA

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni alimfunga Trizah mgongoni, mtoto wa miaka saba, miguu ikining'inia hadi magotini kwa mamake, akatembea mpaka mjini. Askari wa mlango wako akamzuia.

"Mathe, hapa si hospitali."

"Naona. Hospitali huwa na benchi la kungojea."

Akaketi kwenye ngazi. Ulipotoka kwenda kula ukamkuta hapo, ukamkumbuka, ukauliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Ni mmoja wa wale ambao hawangekusumbua."

"Kwa nini hukunionyesha siku ile?"

"Bwana, ulikuwa mgeni. Wewe ukipata wageni, huwaonyesha kidonda kabla ya chai?"

Ulicheka, kisha ukaacha kucheka. Ukawaingiza ofisini, chai ikaletwa, na Trizah akaunyoosha ule mkono wake mmoja unaotii, akachukua biskuti kwenye kisahani chako. Nasike alitamani ardhi ipasuke immeze. Wewe ukakisukuma kisahani kizima upande wa mtoto, ukasema, "Nitakuja tena. Lakini safari hii msiniandalie."

Mpaka leo tunabishana kama hilo lilikuwa agizo au adhabu.

TULIPO LEO

Basi hatukukuandalia. Umekalia benchi la Jeconia, chai ni ya rangi, na watoto wote thelathini na wanne wako mbele yako. Mmoja amekwisha kukamata kamba ya kiatu chako, naye huwa haachi upesi. Tumeunda viti sitini na kimoja. Watoto watatu wameingia darasa la kwanza. Trizah anahesabu mpaka mia na kutusahihisha tukiruka. Haya tumeyafanya katika miaka ambayo wenye mali wenyewe walilia, na tunayasema kifua mbele. Hatutafuti wa kutuhurumia. Tunatafuta wa kushika upande wa pili wa mzigo.

Lakini hatutakudanganya mara ya pili. Kodi imetushinda, na mwenye nyumba anakitaka chumba hiki mwishoni mwa Desemba. Mlezi wetu, Nabalayo, amefanya kazi miezi mitano kwa sahani ya chakula tu, na bado anaimba. Chumba kikienda, watoto hawa watarudi nyuma ya milango iliyofungwa, kwa maana mama zao lazima waende kazini. Nasike halisemi jambo hili. Ila juma lililopita tulimwona dukani akiulizia bei ya betri za redio. Sote tulielewa.

MAOMBI YETU

Fomu yako ina kurasa kumi na nne. Tunaomba uijaze pamoja nasi leo, kabla hujainuka. Kalamu tunazo, na ukitaka kuona jambo lolote, geuza shingo tu, liko hapa.

Tunaomba kodi ya chumba na mshahara wa mlezi kwa miaka miwili. Unga wa gundi tutautafuta wenyewe. Ugomvi wake tumeshauzoea.

Na kama jibu litakuwa hapana, usilitume kwa posta. Lilete mwenyewe, uwaambie hawa walioketi mbele yako, kisha utuonyeshe mlango unaofuata. Nasike yuko tayari kutembea.

Jumatatu kituo kitafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kitafunguliwa hivyo hivyo kila siku ya kazi mpaka Desemba iishe. Siku zitakazofuata ziko mikononi mwa Mungu na mikononi mwako, Bwana Kyalo, na tunawaomba nyote wawili msichelewe.

Mungu ailinde nyumba yako, awape watoto wako afya, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni sisi, akina mama, mafundi na watoto wa Keti Wima, Kibera na Kawangware.

Imesomwa kwa niaba yao na Austin Sifuna.