Kwa Nini Mulwa Alibadilisha Vijiti

Benchi la Musau muuza kahawa liliegemea ukuta wa karakana ya Mulwa, fundi wa gitaa, hapo Kitengela nyuma ya barabara ya Namanga. Mwaka ule wa 2004 mvua ya Novemba ilikataa kabisa kunyesha, na watu wakawa na nafasi tele ya kubishana. Wenye benchi walikuwa watatu. Kulikuwa na Wainaina, msimamizi wa mijengo na mzee wa kanisa, waliyemwita Enjinia. Kulikuwa na Wahome, dalali wa mashamba, aliyeitwa Ploti hata na mama mkwe wake. Na kulikuwa na Roy, kinyozi, ambaye kila jina la utani lilimkataa akabaki Roy tu. Hao watatu walijua kila kitu chini ya jua isipokuwa kunyamaza.

Asubuhi hiyo Mulwa alikuwa ametia nyuzi kwenye gitaa jipya alilokuwa amelifungua na kulifunga mpaka watu wakalihurumia. Sababu yake ilikuwa ng'ambo ya kijia, kwenye kibanda cha mboga, ikifunga mafungu ya sukuma wiki. Ilikuwa mkewe, Evalyne, mama wa Kaluki. Huyo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, kabla hajatolewa goita, ule uvimbe wa shingo. Afya ilirudi yote, lakini sauti ilirudi nusu, ndogo na yenye mikwaruzo. Wanakwaya na wazee wa kanisa wakaona apumzike kidogo. Evalyne akapumzika, na tangu siku hiyo hakuimba tena, hata akiosha vyombo. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimuuma Mulwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Alikuwa amegundua jambo moja tu. Gitaa lake la zamani lilibweka mahali pale pale ambapo sauti mpya ya mkewe ilikaa, likaifunika. Alitaka gitaa litakaloshuka chini na kumwachia nafasi. Hili nalo likikataa, hakuwa na mbao nyingine wala moyo mwingine. Benchi halikujua lolote la mpango huo, maana ukimwambia Ploti jambo asubuhi, jioni linazungumzwa Loitokitok.

— Fundi, hii ya zamani ilikuwa na makosa gani? Enjinia alianza, akinyoosha kidole kwenye gitaa kuukuu lililolala mezani bila mgongo, matumbo wazi. Vijiti tatu za kushika ubao, zimelala sawa kama mbao za dari. Imetupwa juu ya mabasi miaka yote na haijapasuka.

— Haikuwa na makosa, Mulwa alisema.

— Basi mbona kwa hii mpya umezibadilisha?

— Nilitaka nisikie ingine.

— Ingine gani? Ploti alidakia. Wacha niwaambie. Hata huko majuu, Ulaya, wanabadilisha kila wakati, na ni biashara. Wewe ukiwa na shamba moja unauza mara moja. Ukiigawa, unauza mpaka uchoke. Hizo vijiti ni mipaka. Wanagawa gitaa ploti ndogo ndogo.

— Na nani ananunua, buda? Roy aliuliza.

— Nyuzi. Kila uzi iko na ploti yake. Si mlisikia, kikulacho ki nguoni mwako?

— Sasa hiyo methali imeingilia wapi?

— Ndani. Kwani vijiti viko wapi?

Enjinia alikunywa kahawa kwa utaratibu, jinsi anavyokunywa mtu anayejiandaa kufundisha.

— Mnaongea kama watu hawajawahi kuona slab. Nyuzi zikikazwa, zinavuta hiyo ubao ya mbele kama lori imefungwa kamba kwa ukuta. Bila vijiti, ukuta inakuja. Sasa kontrakta mjanja anafanya nini? Anapunguza nondo. Hata hawa wa gitaa ni hivyo. Ukiona kijiti imekonda, ujue kuna mtu anajengea mama yake nyumba na kile kilibaki.

Mulwa alicheka kimoyomoyo, kwa sababu nusu ya hayo ilikuwa kweli. Kijiti kinene hushika ubao usivimbe, lakini pia huufunga mdomo. Ukikichonga kikawa chembamba, ubao unaanza kusema. Ukizidisha wembe kidogo tu, unasikia mlio mmoja mkavu na kazi yako yote inakuwa kuni. Kazi nzima ya fundi imo katika nafasi hiyo ndogo kati ya kusema na kuvunjika. Yeye mwenyewe, na uzee wake katika kazi hiyo, bado ilimtia hofu na kumshangaza.

— Enjinia, wewe umebakia kwa simiti, Roy alisema. Hiyo kitu ni sauti. Sauti ikitoka kwa uzi iko kama mlevi wa Rongai mwisho wa mwezi. Ukimpatia njia imenyooka, anakimbia anaanguka. Ndio fundi amezikatiza hivi, hii ikipita juu ya hii. Hapo ni Kona Baridi, barabara ya kona tupu. Lazima apunguze speed, na akipunguza ndio unamsikia anasema nini.

— Na zile gitaa za Zaire? Ploti akauliza. Mbona zinalia tofauti? Ni vijiti ya Lingala. Ukiweka ya Kikamba, itapiga Kikamba hata ukimpatia Mzungu ashike. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mimi nasema ni baridi, alisema Musau, ambaye kwa kawaida alichangia kahawa tu. Kuna gitaa ililetwa hapa kutoka Loitokitok. Ilikuwa imemeza baridi ya mlima, ikakohoa wiki mzima. Vijiti ni blanketi.

Roy aliingia kinyozini kwake akatoka na kioo kile cha kuwaonyesha wateja kisogo. Alikipenyeza pembeni mwa tundu la gitaa jipya, chini ya nyuzi, na Ploti akamulika na tochi. Vichwa vitatu vikakutana juu ya tundu.

Mle ndani, mahali ambapo jicho halingefika, vijiti viwili virefu vilikuwa vimepishana chini kidogo ya tundu, vimekumbatiana kwa kuingiliana, na vingine vidogo vimetoka ubavuni mwao. Kila kimoja kilikuwa kimechongwa kikapungua taratibu kuelekea kando, mpaka usiweze kusema kimeishia wapi na ubao umeanzia wapi. Vilikuwa laini kama mfupa uliooshwa.

Enjinia alivua kofia.

— Fundi, alisema polepole. Hakuna mtu ataona hii.

— Hakuna.

— Na bado umeipiga msasa.

— Msasa si ya macho.

— Mimi nimejenga miaka mingi, Enjinia alisema. Yangu ikishafunikwa na plasta, mimi naenda nyumbani.

Wakiwa bado wameinama, kivuli kiliwaangukia. Alikuwa mama wa Kimaasai ambaye hawakumjua, amebeba mtungi wa maziwa, akitafuta mahali pa kupumzika.

— Sopa, alisalimu.

— Epa, wakaitika. Karibu, mama. Unaitwa nani?

— Soila. Mnaangalia nini huko?

Roy alimshikia kioo. Soila alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akiinamisha kichwa huku na huku.

— Hii ni nyumba, alisema.

— Ni gitaa, mama, Ploti alimsahihisha.

— Naona ni gitaa. Lakini kwetu nyumba inajengwa na mama, na mimi nimejenga mingi. Hii mti inabeba. Hii inashika tu mwenzake. Imejengwa vizuri. Alimrudishia Roy kioo. Lakini mimi nikijenga nauliza kwanza nani atalala. Kama ni mzee, kama ni mtoto, kama ni ndama. Sasa hii, nani ataimba nayo?

Benchi lilitazamana. Asubuhi nzima walikuwa wamepitia mashamba, nondo, Rongai, Zaire na baridi ya mlima, na katika safari yote hiyo hawakumkuta mtu hata mmoja akiimba.

Mulwa angeweza kusema ni la mteja. Lakini yule mama alikuwa amemuuliza kwa heshima, kama fundi anavyomuuliza fundi.

— Mama Kaluki, alisema.

Enjinia alirudisha kofia kichwani, kisha akaivua tena.

— Sauti yake imekuwa ndogo, Mulwa aliendelea, akiitazama mikono yake. Ile ya zamani ilikuwa inamkanyaga. Nimetafuta ingine itampisha. Sijui kama ni hii. Naogopa kujua.

— Si upige, Soila alisema.

Mulwa alilipakata gitaa, akagusa nyuzi kwa nyama ya vidole, pole kabisa. Hakulazimisha kitu. Sauti ilitoka nene na tulivu, ikashuka chini ikatandika, na juu yake pakabaki peupe. Alipiga wimbo wa Kikamba ambao Evalyne alikuwa akianzisha zamani kila Jumapili.

Ng'ambo ya kijia, mikono ya Evalyne ilisimama juu ya sukuma. Mulwa aliuona mgongo wake ukikakamaa. Alifika mwisho wa ubeti akaacha.

— Baba Kaluki, Evalyne aliita bila kugeuka.

— Naam.

— Hapo ni juu sana. Huko mimi siendi siku hizi. Shusha, uanze tena.

Mulwa alilegeza nyuzi, moja baada ya nyingine. Alikuwa amejenga upya kila kitu ndani ya gitaa, kumbe mkono wake ulikuwa bado unapigia sauti ya zamani. Akaanza tena, chini.

Evalyne aliimba akiwa na fungu la sukuma mkononi. Sauti ilikuwa ndogo, ina mikwaruzo, na ilisikika neno kwa neno mpaka kwenye benchi. Gitaa lilitembea chini yake bila kumkanyaga. Wateja wawili waliokuja kununua nyanya walisahau nyanya. Ploti, ambaye hajawahi kukutana na kitu asichoweza kukitajia bei, alikaa mdomo wazi. Mulwa alilia na hakujificha.

Wimbo ulipoisha, Soila aliubeba tena mtungi wake.

— Huyu mama anaimba vizuri, alisema. Nani alimwambia aache?

Musau aliinamisha birika na halikutoa kitu. Roy alimtazama Ploti, Ploti akamtazama Enjinia. Enjinia, mzee wa kanisa, aliendelea kutazama ndani ya kikombe kilichokwisha kahawa, na Soila akasubiri jibu, mtungi mgongoni.