Muuaji Katajwa kwenye Utangulizi

Benchi la Gundi liko nje ya karakana yake ya kujalidi vitabu, pale harufu ya gundi inapogombana na ya kahawa. Chini ya benchi kuna kasha la riwaya za upelelezi, na kasha lina sheria: kila kitabu kinachoingia, Gundi hukishona kurasa za mwisho kwa uzi, na hakuna ruhusa ya kuukata kabla msomaji hajamtaja mshukiwa wake mbele ya mashahidi. Kitabu kisicho cha upelelezi huenda rafu ya nyuma, na cha huko hakijapata kuombwa na mtu. Jioni ile Gundi alikuwa amepakata tamthilia ya Wagiriki wa kale, ya marehemu dada yake aliyekuwa mwalimu. Hakutaka iende rafu ya nyuma.

Aliwaeleza wenzake wawili bila kupamba. Mji una tauni. Mfalme anaambiwa haitaondoka mpaka apatikane aliyemuua mfalme wa kabla yake. Anaapa kumsaka, anaita mashahidi, anawabana mmoja mmoja.

— Huo upelelezi mtupu, akasema Breki, dereva wa lori. Maiti ipo, mashahidi wapo, mpelelezi ana cheo. Mnataka nini tena, honi?

Pingamizi, karani mstaafu wa mahakama, alikwishakichukua kitabu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeshonwa kwa mkono uleule makini wa siku zote. Utangulizi, Gundi alikuwa ameusahau.

— Muuaji katajwa hapa mwanzoni, akasema Pingamizi. Ni mfalme mwenyewe. Akija mjini mgeni alimuua mtu njiani, na hajui kwamba ndiye.

— Mzee, umenichinja, akasema Breki. Lakini alikwishasimama. Anajisaka mwenyewe? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu alikuja mgeni, mwenyeji akafia njiani.

Pingamizi akamwambia methali hiyo si ya hapo. Breki akajibu kwamba methali ni tairi la akiba, unalifunga palipo na pancha.

Hapo kijiwe kikachemka. Pingamizi alishikilia kwamba watazamaji wa zamani waliijua hadithi tangu utotoni; pasipo siri hapana upelelezi, na tangu lini mshtakiwa akaendesha uchunguzi wa kesi yake? Breki, aliposikia kwamba ugomvi ulitokea njia panda, alipanga vikombe kuonyesha nani alitoka wapi, akathibitisha kwamba marehemu ndiye aliyekosa kumpisha mwenzake. Kisha akaona hiyo haitoshi: mashahidi walifundishwa, mji mzima ulitaka kumtoa mgeni kitini, na hata tauni ilipangwa. Pingamizi, aliyekuja kupinga, akajikuta akimpa mfalme dhamana.

— Bado si cha upelelezi, akaongeza haraka. Ukishamjua muuaji, unasoma nini?

Gundi akaweka kikombe chake chini.

— Dada alikuwa anakisoma jikoni kwa sauti, akasema. Sauti za watu wote, mpaka za watumishi. Mwisho anaujua kama jina lake. Lakini akifika pale anapoitwa shahidi wa mwisho, mwiko unasimama, na sufuria inaungua. Kila mara. Mama aligomba mpaka akachoka.

Breki alirudi kuketi.

Muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyefuata kamusi yake iliyojalidiwa upya, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

— Samahanini, wazee wangu, akasema. Hao watazamaji, kama wote walijua, na mtu yuko mbele yao anauliza, anauliza… mbona hakuna aliyemwambia?

Pingamizi, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu astaafu, akafunua kitabu, akarudi nyuma, akafunua tena. Muuguzi akangoja kidogo, akashukuru kwa kamusi, akaenda zake.

— Nitamjibu kesho, akasema Pingamizi, akikipachika kitabu kwapani.

— Kesho niko safarini, mzee. Nianze mimi.

— Wewe umekwisha kumwachilia huru mfalme. Unasoma nini?

Breki akakishika kitabu upande mmoja. Pingamizi hakuachia wake.

— Taratibu na mgongo wa kitabu, akasema Gundi. Nimeujalidi jana tu.